Nilienda Kutafuta Wateja

Niseme ukweli kabla sijaulizwa: sikujiunga na klabu ya huduma kwa sababu ya moyo mwema. Nilienda kutafuta wateja. Nina duka la vipuri vya magari hapa Nakuru, na jamaa mmoja wa bima aliniambia kwamba klabu yao ya Rotary ina madaktari, mawakili, wenye shule za kibinafsi. Nikapiga hesabu palepale. Watu thelathini ni magari thelathini, na hakuna gari lisilokula pedi za breki. Alhamisi iliyofuata nikatoa koti la harusi yangu kabatini, nikaenda.

Sasa ni karibu miaka saba. Wateja niliowapata kule hawazidi watatu, na mmoja wao hajawahi kununua kitu bila kulilia punguzo. Kama ni biashara, nilikula hasara zamani. Lakini bado naenda, na mke wangu huuliza, “Baba watoto, kwani huko mnapewa nini?” Swali zuri. Chama cha akina mama anachokwenda yeye kina jibu rahisi: zamu yako ikifika, unapokea pesa. Mimi zamu yangu haijafika na haitafika.

Watu wengi huona haya kusema wanafaidika na kazi ya kujitolea. Ukitaja faida yako, unaonekana mchoyo. Mimi naona haya hiyo ndiyo inayowafukuza watu, maana wanadhani lazima uwe mtakatifu kwanza ndipo ukaribishwe. Hata waanzilishi hawakuwa watakatifu. Paul Harris alikuwa wakili aliyekulia kijijini Vermont, kisha akajikuta Chicago, mji mkubwa, hana marafiki. Februari 23, 1905 alikaa na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Walitaka urafiki, na pia walitaka kupelekeana biashara. Walikutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule, na jina la Rotary likatokana na kule kuzunguka. Huduma ilikuja baadaye, na mradi wao wa kwanza mkubwa, walioanza kuupigania 1907, ulikuwa choo cha umma. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu dukani. Kumbe nami nilikuwa nimeingia kwa mlango uleule.

Walikuwa na kanuni moja ninayoipenda: kila kazi iwakilishwe na mtu mmoja tu. Siku hizi imelegezwa, lakini desturi ya kuchanganya watu wa kazi mbalimbali ipo. Hilo si jambo dogo kwa mwanamume wa umri wangu. Fikiria mtu mwenye duka huongea na nani kwa wiki nzima: anayenunua, anayemdai, anayedaiwa naye, na watu wa nyumbani. Nakuru yetu ni jiji kwa karatasi tangu Desemba 2021, ingawa sisi bado tunasema tunaenda tao, na wengi wetu tumetoka kwingine. Unaweza kuishi hapa miaka ishirini bila rafiki asiyehusiana na pesa. Mimi sasa nina mwalimu mstaafu wa bayolojia ambaye hunieleza habari za heroe wa ziwani hata kama sijauliza. Baba yangu alipofariki, walikuja matatu nzima hadi Ol Kalou. Wakili mmoja, ambaye kwa saa moja hutoza pesa ninazouza mimi kwa wiki, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono ya shati, akamenya viazi na wapishi mpaka jioni. Alimenya vibaya, viazi vikatoka na pembe. Sijawahi kumlipa na hajawahi kunikumbusha.

Halafu kuna yale maswali manne ya Rotary, ya kupima tunachosema na kutenda. Yalitungwa 1932 na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa akiokoa kampuni ya sufuria iliyokaribia kufilisika. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, yatajenga nia njema na urafiki? Je, yatawafaa wote? Nilikuwa nayasema kama kasuku. Siku moja dereva wa matatu akashika pakiti ya pedi za breki: “Boss, hii ni orijino?” Jibu langu la miaka yote lilikuwa “orijino kabisa.” Siku hiyo ulimi ukagoma. Nikamwambia ni kopi, lakini kopi nzuri, orijino ni ile ya juu na bei yake ni hii. Akaondoka. Alienda duka la jirani, nina hakika aliambiwa ni orijino. Msidhani alirudi kunishukuru. Hakurudi. Ila siku hizi sina haja ya kukumbuka nilimwambia nani nini, na ule mzigo sikujua ulivyokuwa mzito mpaka nilipoutua.

Kasoro zipo. Vilabu vya namna hii vina ada, chakula cha hotelini, faini ya kuchelewa anayoitoza sajenti, yaani mwanachama wa kusimamia nidhamu ya mkutano, huku wote wakikucheka. Kuna pia kupenda kupiga picha kuliko kazi yenyewe. Uliza gharama mapema. Kijana asiye na kipato kikubwa aanzie Rotaract, tawi la vijana la Rotary.

Lakini nikirudi kwa swali la mke wangu, jibu langu liko Subukia. Tulikuwa na kambi ya macho, na kazi yangu, kwa kuwa sina utaalamu wowote, ilikuwa kushika mikono ya wazee kutoka foleni hadi kwenye kiti cha daktari. Shosho mmoja alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Nilimwongoza asubuhi, nikampeleka msalani, nikamsomea fomu, nikamsindikiza hadi kwenye gari la kwenda hospitalini. Tulipiga hadithi sana, hasa za bei ya viazi. Kesho yake nikawepo walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza. Alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, muda mrefu. Nikamsalimu.

Akageuka akanikagua kutoka viatuni hadi kichwani.

“Wewe ndiye ile sauti?”

“Ndiyo, shosho.”

“Ai. Nilidhani wewe ni mrefu.”