Acheni kuiita stesheni ya Mjerumani

Nilikuwa Muheza kwa msiba, mambo yakaisha mapema kuliko tulivotegemea, nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwenye stesheni moja ndogo ya reli ya Tanga ambayo nilikuwa napita na marehemu baba miaka ya themanini mwishoni, mi nimebanana dirishani macho nje. Jina la stesheni silitaji, na nina sababu.

Jengo bado limesimama. Kuta nene za mawe, chokaa imebanduka kwa mabaka, bati upande mmoja hakuna kabisa, milango na fremu za madirisha zimeng'olewa zamani. Hayo niliyategemea. Ambacho sikukitegemea ni mashimo. Kwenye kile chumba alichokuwa anakaa stesheni masta pamechimbwa shimo linanifika kifuani, sementi imevunjwa kwa nyundo, udongo umerundikwa mpaka kwenye kidirisha cha tiketi, pembeni kuna chupa tupu za maji, kipande cha mshumaa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye nondo. Shimo la pili liko chumba cha pili. La tatu liko nje, kwenye kona ya jukwaa la abiria, na hilo limeshaanza kula msingi, jiwe la kona linaning'inia.

Nikamuuliza yule kijana hapa kumetokea nini. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Wanatafuta mali za Mjerumani kaka. Wanakujaga usiku na ditekta."

Mnaijua hii habari wote. Popote palipo na ukuta wa Mjerumani hapa nchini lazima kuna mtu ameshaambiwa na mtu kwamba chini kuna sanduku la rupia, au dhahabu, au ile zebaki nyekundu ya hadithi za mtaani. Watu wanauza ng'ombe wakanunue ditekta, watu wanaletewa ramani za uongo na matapeli wa mjini wanalipa hela halisi. Nawaonea huruma, njaa sio kitu cha kuchezea na kijana asiye na kazi ukimwambia kuna dhahabu chini atachimba. Lakini siku ile nilisimama pale mdomoni mwa shimo nikashikwa na hasira hadi mikono ikatetemeka, na nilivoanza kutulia nikagundua hasira yangu haiko kwa wachimbaji tu, iko kwa lile neno. La Mjerumani. Stesheni ya Mjerumani, daraja la Mjerumani, reli ya Mjerumani. Sisi wenyewe ndo tumeshampa, kwa midomo yetu, halafu tunashangaa mtu akija kuchimba kutafuta alichoacha mwenyewe.

Hebu tupige hesabu. Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kilomita 40 tu za kufika Muheza zilichukua karibu miaka mitatu, kampuni iliyoanza kazi ikaishiwa, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, Korogwe wakafika 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Julai 1916 Waingereza wakaingia Tanga na Mjerumani akawa ameondoka. Ni miaka 23 jumla! Tena katika hiyo 23, mingi alikuwa bado anajenga. Mwingereza akakaa nayo miaka 45 na yeye ndo aliyeifikisha Arusha 1929. Kuanzia 1961 mpaka leo ni yetu, zaidi ya miaka 60, mara mbili na nusu ya ile ya Mjerumani. Ni sisi tuliounganisha njia ya Tanga na reli ya Kati kupitia Ruvu mwaka 1963, kabla ya hapo ukitoka Tanga kwa treni huwezi kufika Dar. Sasa kwanini miaka 23 ndo ibebe jina na miaka 60 isibebe chochote?

Na hata hiyo 23, nani alibeba yale mataruma, vile vipande vya kulazia reli juu yake? Taruma la chuma moja nililiona limelala kwenye majani nikajaribu kuliinua upande mmoja, liliinuka kidogo tu nikaliachia. Kuna watu waliyabeba hayo begani, jua la Tanga, malaria, siku baada ya siku, na majina yao hayakuandikwa popote. Novemba 1914 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipowapiga Waingereza pale Tanga, askari wake aliwashusha kutoka Moshi kwa treni kwenye njia hii hii, na askari hao wengi walikuwa Waafrika. Vitabu vinasema Mjerumani alishinda.

Haya, turudi stesheni. Nikiwa bado nazunguka akaja mzee mmoja na fimbo, nafikiri alidhani na mimi ni mchimbaji maana alisimama mbali kidogo akiniangalia. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba huku bado anakagua mikono yangu kama nimeshika kitu. Nilipomwambia nilikuwa napita hapa na baba yangu na baba alikuwa anafanya kazi shamba la mkonge, uso ukabadilika, akauliza shamba gani, nikamtajia, akasema "Basi wewe mtoto wa manamba." Nikasema ndio babu, mjukuu hasa. Akacheka, akanishika mkono, tukakaa kwenye ukingo wa jukwaa, na hapo ndo stesheni ilianza kuwa stesheni.

Yeye alikuwa mtu wa genge la reli. Kazi yao ilikuwa kutembea kipande chao cha njia kila asubuhi kabla treni haijapita, kuangalia bolti iliyolegea, kokoto iliyokimbia kwa mvua, reli iliyopinda kwa joto. Aliniambia reli ina sauti, ukiigonga na nyundo nzima inalia, yenye ufa inasema kama chungu kilichopasuka, na akaokota jiwe akagonga kipande cha reli ya pembeni ambacho hakitumiki ili nisikie. Nikasikia. Akaniambia niiname nisome ubavuni, kuna herufi zimevimba kwenye chuma, jina la kiwanda na mwaka. Nikapangusa kutu na kidole gumba mpaka kikawa chekundu, nikapata "19" na tarakimu mbili za mwisho zimeliwa. Yeye anasema alikuwa anazijua zote kwa kichwa, kila kipande mwaka wake, kama mtu anavojua umri wa wanawe.

Kengele ya stesheni ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Treni ikishatoka stesheni ya jirani stesheni masta anapigiwa simu, anagonga, na kijiji kizima kinajua una muda wa kumenya muhogo na kuuchemsha kabla haijaingia. Mwembe ulishakatwa. Kile kipande cha reli kiliponea chupuchupu kupelekwa chuma chakavu, mwalimu mmoja akakichukua, sasa kiko shule ya msingi kinaita watoto mstarini.

Akaja pia bibi mmoja, nafikiri alivutiwa na kelele zetu. Huyu alikuwa anauza machungwa. Alinieleza biashara ya dirishani kwa undani ambao sijawahi kuusikia popote: daraja la kwanza wananunua mawili matatu na wanataka yaliyomenywa, daraja la tatu wananunua kapu zima la kupeleka kwa ndugu, kwa hiyo mwenye akili anajipanga kule mkiani mabehewa ya daraja la tatu yanakosimama, na unapokea hela kwanza ndo unatoa chungwa maana treni ikianza kutambaa kuna watu wanageuza uso. Yeye alikimbilia behewa siku moja na mtoto mgongoni kwa ajili ya beseni lake, abiria alikuwa amelishika bado anachagua na treni imeondoka. Akalipata beseni? Nikauliza. Akasema gadi alilishusha stesheni inayofuata akalirudisha na treni ya kesho yake, na ndani kulikuwa na hela ya machungwa yote. Ada ya shule ya wanawe wanne ilitoka kwenye yale madirisha. Wanne, mmoja leo ni muuguzi.

Wakaanza kubishana treni ya Moshi ilikuwa inaingia saa ngapi. Babu anasema magharibi, bibi anasema hapana, asubuhi, mbona mi nilikuwa natoka kuchota maji naikuta. Kama nusu saa hivi wanabishana na hakuna aliyekubali kushindwa, na mimi nikawa nafikiria kwamba huu ubishi wenyewe una thamani, ratiba zimebadilika mara ngapi katika maisha yao na kila mmoja ameshika ya ujana wake.

Sasa niambieni, kati ya haya yote niliyoyasikia kwa saa mbili, la Mjerumani ni lipi? Beseni la machungwa? Sauti ya reli yenye ufa? Maelfu ya watu walioletwa na SILABU, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma, kutoka Songea, kutoka kwa Wanyakyusa, waje kukata mkonge, wakaitwa manamba maana walihesabiwa kwa namba, na mkonge wao ukapita hapa hapa kwenda bandarini Tanga, mpaka mwaka 1964 nchi hii ikazalisha kama tani 230,000 na kuongoza dunia? Babu yangu yumo kwenye hizo tani. Hiyo ni historia yangu na wala haina rupia ndani yake.

Kuna watu wataniambia mbona serikali inalinda majengo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. Reli ya Tanga ilianza 1893. Kwa hiyo hakuna stesheni hata moja kwenye njia hii inayolindwa na sheria yenyewe, labda waziri aitangaze, na kwa kijistesheni kama hiki nani atapeleka hilo ombi mezani? Kwa hiyo mwenye sululu anachimba.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba treni haiwezi kusimama kila kichaka kama zamani. Mizigo ilirudi njia hii 2019, Desemba mwaka huo treni ya abiria kutoka Dar ikarudi mpaka Moshi, Oktoba 2020 ikafika Arusha, na mimi nilifurahi kama mtoto. Ile ya Dar inaingilia kwa Ruvu na kwenda zake juu, huku kwetu yanapita mabehewa ya mizigo na hayana sababu ya kusimama. Sawa. Siombi treni isimame. Naomba jengo lipewe kazi, maana jengo lenye kazi halichimbwi. Nendeni Sigi, njia ya kupanda Amani, mkaone nyumba ya stesheni masta wa ile reli ndogo ya kubebea mbao iliyokufa zamani sana, wameikarabati ikawa mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi, ina mlango, ina mtu ndani. Hapa kwetu pangetosha zahanati, au ofisi ya kijiji, au hata ghala la machungwa, na ukutani paandikwe majina ya watu wa genge ambao babu bado anawakumbuka. Alinitajia kumi na mmoja bila kusita. Ana miaka zaidi ya themanini, na nilivomuuliza kama kuna mtu ameshawahi kuja kumuuliza habari hizi akasema wapo, walikuja na gari, waliuliza Mjerumani alikuwa analala chumba gani.

Nilirekodi kwenye simu dakika arobaini na kitu mpaka chaji ikaisha. Nyie mlioko huko Mnyusi, Korogwe, Mombo, Buiko, Same, kama una mzee wa reli nyumbani rekodi sasa hivi, usisubiri kifaa kizuri, simu hiyo hiyo yenye kioo kimepasuka inatosha. Muulize vitu vidogo. Muulize alikuwa anakula nini zamu ya usiku, taa yake ilikuwa inatiwa mafuta na nani, nyapara wake alikuwa anawaitaje.

Kabla sijaondoka babu akasema watoto wanachezea humu ndani na vuli inakuja, shimo likijaa maji atazama mtu. Yule kijana wa bodaboda akaenda kuazima koleo na majembe mawili, watoto wa pale wakajaa, tukaanza kurudisha udongo. Mimi nilikuwa nautupia tu katikati. Babu akanisimamisha kwa fimbo, akaniambia sio hivo, udongo unaanza pembeni, unashindilia, ndo unakuja kati, ukijaza kati kwanza pembeni patatitia kama njia iliyopigwa kokoto na mvivu. Akasimama pale juu anaelekeza, mwanangu piga hapo, ongeza, piga, na sauti yake ikawa inaenda kwa mdundo na watoto wakaanza kuufuata kwa miguu yao, wanakanyaga wote pamoja. Tulimaliza mashimo mawili giza likaingia. La nje, lile linalokula msingi, bado liko wazi, na Jumamosi ijayo narudi na mifuko miwili ya sementi.