Picha ya retina bila sindano: anasa kwa nani?

Kila ikitajwa angiografia ya OCT, mashine inayopiga picha mishipa ya damu ndani ya jicho kwa mwanga mtupu, jibu la barazani Chake Chake ni moja: hiyo anasa, sisi hata miwani ya kusomea haijatutosha. Wana hoja. Bei yake ni kubwa. Kamera ya kawaida ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inatosha kumtambua mgonjwa wa kisukari anayestahili rufaa. Mtoto wa jicho akikomaa, mashine haioni kitu, na mshipa unaovuja haiuoneshi. Hiyo bado ni kazi ya fluoreseini, rangi inayodungwa mkononi, ambayo Novotny na Alvis waliielezea mwaka 1961.

Ila kwenye mjadala huu kuna mtu hatajwi: mama mjamzito mwenye kisukari. Mimba inaweza kuyaharakisha maradhi ya retina yanayoletwa na kisukari, na miezi michache ikageuza hali nzima, bila maumivu yoyote ya kumshtua. Anahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi kuliko wagonjwa wengi wa kisukari. Naye ndiye hasa ambaye madaktari huepuka kumdunga rangi ile, kwa kuwa hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Mwenye haja kubwa ndiye aliyefungiwa mlango. Mimi hilo linaniuma.

Kwenye OCT anaweka kidevu, anakazia macho alama, sekunde chache basi. Mashine hupitisha mwanga pale pale mara kadhaa, kisha hulinganisha: kilichotulia ni nyama, kinachobadilika ni chembe nyekundu za damu zinazopita. Damu yenyewe ndiyo inayochora picha, hakuna cha kudungwa. Kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zilizoziba huacha viraka vyeusi, na ule uwazi wa katikati ya retina usio na mishipa huonekana ukipanuka. Mwezi ujao apigwe tena, picha ziwekwe pamoja. Hakuna kichefuchefu, wala haja ya kuweka tayari dawa za mzio mkali, ambao rangi humletea mgonjwa mara chache.

Sisemi kila wilaya iwe nayo. Kamera za kawaida zitangulie vituoni, Konde hadi Mkoani. Lakini mashine moja iwepo Pemba, na siku ya kliniki ya wajawazito wao wawe wa mwanzo, wasivushwe bahari kwenda Unguja na mimba ya miezi saba, kusi likivuma.