Dola za Gagulo

Wazo la pini lilikuwa la Dada, na mpaka leo naliunga mkono. Ukitoka Tunduma kwenda Lubumbashi kwa barabara lazima uikatize Zambia: Nakonde, Kapiri Mposhi, miji ya shaba, halafu Kasumbalesa, mpakani na Kongo, ambako malori hupanga foleni hadi madereva wanaota ndevu na kila anayekusogelea anataka kukusaidia kubeba kitu. Hapo mwanamke mwenye akili haweki pesa kwenye mkoba. Dada alizikunja noti zetu za dola mia mia, akazibana kwa pini ya nepi upande wa ndani wa gagulo, akazikalia safari nzima. Mwenzetu Fundi aliibiwa simu. Gagulo halikuguswa.

Tulikuwa tumekwenda kufuatilia mzigo wa mchele. Mteja alipokea mzigo, akalipa benki, na jioni hiyo hiyo Shemeji akatangaza kwamba watu wa hadhi yetu hawawezi kuendelea kula michopo ya kando ya barabara. Michopo ni mbuzi wa kuchoma, na tulikuwa tukimla kila jioni bila mtu kulalamika, Shemeji akiwa wa kwanza kung'ang'ania mbavu. Lakini mzigo umelipwa. Shemeji akavaa koti.

Tukaingia mgahawa mmoja upande wa Golf, kwa wenye nazo. Meza zina vitambaa vyeupe, kila mtu ana uma zaidi ya mmoja, na ukutani imetundikwa misalaba ya shaba, ile ya umbo la X ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama pesa karne nyingi kabla Mbelgiji hajafika. Dada aliikagua, akauliza mmoja una kilo ngapi. Hakuna aliyejua.

Mhudumu alikuwa kijana wa tai na glavu nyeupe. Aliposikia lafudhi yetu uso ulimchanua.

"Tanzania? Bandugu ya Samatta! Karibuni bakubwa!"

Mtanzania akiwa Lubumbashi hana haja ya pasipoti, ana Samatta. Mwaka 2015 TP Mazembe, timu ya pale pale mjini, walipochukua Ligi ya Mabingwa Afrika, Mbwana Samatta alifunga kwenye fainali dhidi ya USM Alger, na watu wa pale hawajasahau. Tukapewa meza ya dirishani. Shemeji alipokea sifa zote, utadhani penalti alipiga yeye.

Kitabu cha vyakula kilikuwa cha Kifaransa kitupu. Shemeji alikisoma kwa kutikisa kichwa taratibu, akamwekea mhudumu kidole hapa, hapa na hapa. Sitaki kusimulia sana chakula. Changu kilikuwa kitamu na kiliisha. Ila Fundi, mzaliwa wa Mwanza, alipewa samaki anayeitwa capitaine, wa bei kuliko sahani zote pale mezani. Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena upande wa pili.

"Shemeji," akasema, "huyu ni sangara."

"Ni capitaine."

"Mimi nimekulia Kirumba. Sangara namjua hata akivaa suti."

Akamla, lakini kwa uchungu wa mtu aliyevuka nchi mbili kwenda kununua samaki wa nyumbani kwao.

Bili ikaja ndani ya kikasha cha ngozi: dola 142. Shemeji, aliyetualika, alijipapasa koti mfuko wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akamtazama Dada. Kadi yake, akasema, ni ya kule kule nyumbani tu. Dada akashusha pumzi, akaomba aonyeshwe msalani, na akarudi na noti mbili za mia, bado zina joto.

Mhudumu alizipokea kwa mikono miwili. Akazikunjua, akainua moja kwenye taa na kuitazama kama daktari anayesoma picha ya eksirei. Mwanga ukapita sehemu nne.

"Pardon, mama. Hii haiwezi kupita. Iko na tushimo."

"Vishimo gani?"

"Angaria: hapa, hapa, hapa na hapa."

Pini huingia na kutoka, na noti ilikuwa imekunjwa, kwa hiyo hesabu ilikuwa sahihi. Ile ya pili, matundu manne. Dada akarudi msalani, akaleta zote zilizobaki. Manne, manne, manne, zote mahali pale pale, na moja kati ya hizo ilikuwa na kosa jingine: imeandikwa 2001. Mhudumu akaiweka pembeni kwa heshima, unavyomweka mzee.

Kwa asiyefika Kongo: dola inatumika kila mahali, kuanzia kodi ya nyumba mpaka friji, lakini lazima iwe safi. Ikichanika pembeni hata kidogo, haichukuliwi. Ya zamani haichukuliwi. Ya dola moja moja wengi hawataki hata kuiona. Faranga, ambayo ni pesa yao wenyewe, inaweza kuwa imelala kwenye kikapu cha dagaa miezi mitatu na bado inanunua mkate.

Dada alianza kwa upole. Akaeleza habari za Kasumbalesa, za pini, za Fundi na simu yake. Kijana alimsikiliza vizuri, mikono nyuma.

"Naelewa, mama. Lakini nikibeba hii, kesho banki inakataa, na patron anakata ku mushahara yangu."

Shemeji akaona huo ndio wakati wa diplomasia. "Kijana, sisi ni ndugu wa Samatta."

"Samatta alitupatia kombe, papa. Na haikukuwa na tushimo."

Meza ya jirani wakaacha kula. Fundi, ambaye hana aibu za kuzaliwa, akamwonyesha mhudumu msalaba wa shaba ukutani, akasema wazee wenu walikuwa na busara, pesa ile hata ukiipigilia msumari haitoboki. Mhudumu akacheka, kisha akakumbuka amevaa glavu, akaacha.

Yeye ndiye aliyetuokoa. Ana mjomba kambisti, mmoja wa wale wabadilisha fedha wanaokaa kwenye viti vya plastiki barabarani na matofali ya noti mbele yao. Akampigia simu. Mjomba alifika kwa pikipiki, kofia ya sufi kichwani, mfuko mweusi wa plastiki mkononi, akavuka ule ukumbi wa vitambaa vyeupe mpaka mezani kwetu, akavuta kiti. Noti zenye kasoro, akasema, yeye anachukua, ila anakata dola tano kwa kila moja.

Hapo ndipo nilipomwona Dada akirudi kuwa Dada.

"Tano za nini?"

"Tushimo tunne, mama."

"Pini ilikuwa moja."

"Tushimo ni tunne."

"Kaka yangu, mtu akikuchoma kisu kimoja kikatokea mgongoni, polisi wanaandika visu viwili?"

Kambisti aliwaza. Akashuka mpaka nne. Dada akamweleza bei ya pini. Wakamalizana kwenye tatu, na nadhani mjomba alikubali ili arudi nyumbani kulala. Wakati ule dola ilikuwa kama faranga 2,000. Noti mbili, ukitoa sita, zilitupa faranga 388,000, karibu zote noti za mia tano. Mfuko mweusi ukamwagwa mezani: mabunda saba yaliyofungwa kwa mpira, na vipande.

Sisi tulihitaji kulipa 284,000. Mhudumu alivua glavu. Alihesabu yeye, kisha akaja mwenzake akahesabu, kisha mwanamke wa kaunta. Noti nyingine zilikuwa laini mpaka hazitoi mlio, nyingine zina gundi ya karatasi katikati, moja ilinuka samaki mkavu waziwazi, na Fundi akatuhakikishia kwamba huyo siye sangara. Hesabu ikagoma: mia tano moja imepungua. Wakarudia. Imepungua. Dada akakataa kuongeza, akisema amehesabu kwa macho yake.

Ilipatikana chini ya sahani ya Shemeji, imegandana na mchuzi. Mhudumu aliibandua polepole, akaifuta kwa kitambaa cheupe. Pembe moja haikuwepo kabisa. Akaiweka juu ya bunda, akatabasamu, akasema "Voilà".

"Ngoja," Dada akasema. "Hiyo mbona unapokea? Nusu imeliwa!"

"Hii ni ya kwetu, mama."

Dada akasimama, akakung'uta gauni, akatangulia mlangoni bila kuaga mtu. Sisi tuliobaki tulimalizia kwanza maji yaliyokuwa kwenye chupa. Yalikuwa kwenye bili kwa dola sita.