Kabla Hujauziwa Betri, Fungua Kiti cha Nyuma

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, wanatangaza bei mpya ya mafuta, na kufika Alhamisi magrupu ya magari ya Arusha na Moshi yameshagawanyika kambi mbili zilezile. Kambi ya kwanza inapandisha picha ya Toyota Aqua, kagari ka haibridi kenye injini ya petroli na mota ya umeme, na maneno "lita moja kilomita 35!" Ya pili inajibu kwa sauti ya kinabii: haibridi ni bomu, betri ikifa umekwisha, nunua Hilux, pikapu ya dizeli, ulale. Wote wanakera. Hawa wa pili wanakera zaidi, kwa sababu ushahidi wao unatengenezwa na uzembe wa gereji zetu wenyewe.

Hiyo 35 tuimalize haraka. Toyota walipoitoa Aqua mwishoni mwa 2011 walitangaza kweli kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha Kijapani cha JC08. Kipimo chenyewe kinafanyika maabara, gari liko juu ya rola, hakuna kiyoyozi, hakuna matuta ya Tengeru, hakuna watu wanne na mkungu wa ndizi kwenye buti. Huku kwetu ukipata 20 hadi 23, shukuru. Na usiisome kwenye dashibodi, maana dashibodi ina tabia ya kukufurahisha. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, tembea 300 au zaidi, rudi pampu ileile ujaze vilevile, kisha gawanya.

Hata hiyo 20 si haba. Gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka kwa 20 kwa lita linamaliza lita 750. Pikapu ya dizeli inayokwenda 10 kwa lita inamaliza 1,500. Piga lita kwa 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: tofauti ni 2,250,000 kwa mwaka. Ila faida hiyo inapatikana kwenye foleni ya Mbauda na Sakina, pale gari linaposimama injini imezima. Ukishatoka Usa River ukashika 100 kwenda Moshi, injini ya petroli inabeba karibu kazi yote na faida inapungua.

Sasa betri, ambayo ndiyo iliyoniudhi mpaka nikaandika. Prius, haibridi nyingine ya Toyota, ya kizazi cha pili na cha tatu ina seli 28, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua ya kizazi cha kwanza inazo 20, jumla 144. Zimebanana kama slesi za mkate, ni za nikeli, na adui yao mkubwa ni joto. Kwa hiyo zikawekewa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari na kuipitisha katikati ya seli. Tundu la kuvutia hewa hiyo liko usawa wa kiti cha nyuma, hapohapo tunapotupa makoti, mitandio na mifuko ya viazi.

Vuta picha Aqua ya teksi inayoshinda Kisongo na Ngaramtoni mwezi wa tisa, vioo vimeshushwa. Vumbi linaingia, linashikana na nywele na nyuzi za kanga, na mapanga ya feni yanavaa blanketi la kijivu. Feni inazunguka kwa kelele na hewa haipiti. Seli za katikati, ambazo zimebanwa pande zote, ndizo zinazochemka zaidi na kuchoka kwanza. Taa inawaka, mashine ya kupima inasoma P0A80, msimbo wa hitilafu ya betri kubwa, na fundi bila kufungua hata skrubu moja anasema: betri imekufa, bosi, tafuta milioni. Kwa nini isife? Umeifunika blanketi miaka 3!

Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Zima gari, funguo weka mbali, toa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12. Ng'oa kiti na plastiki zinazofunika feni, fungua skrubu chache, chomoa plagi yake, itoe. Tumia brashi laini kwenye mapanga na kwenye bomba lake. Usipulize upepo wa kompresa kuelekea kwenye seli, utakuwa umelihamishia vumbi kule usikotaka. Waya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa, usiziguse. Ukitaka kuingia ndani zaidi, vuta kwanza plagi ya usalama ya betri kubwa na usubiri dakika 10 umeme uliohifadhiwa kwenye mfumo uishe. Hapo siyo pa kujifunzia; mwite anayejua na mwenye glovu za umeme.

Huyo anayejua akifika, aangalie vipande vya shaba vinavyounganisha seli. Vikiwa vimeota kijani, visafishwe. Nati zake hukazwa kidogo, kwa Nm (newton-mita) 5.4 tu, lakini wapo wanaozikaza kama za tairi, wanang'oa skrubu ya seli, halafu lawama inaenda Japani. Seli zipimwe moja moja zikiwa na mzigo, kwa mfano taa ya wati 55 kwa dakika 2. Volti bila mzigo zinadanganya. Inayoporomoka kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Kumchomoa mgonjwa na kuchomeka seli ya kuokoteza ni kiraka: uwezo haulingani, na baada ya miezi michache inafuata ya jirani.

Kuna pia vichekesho vya betri ndogo. Ikishuka chini ya volti 12, dashibodi inawaka taa zote kama mti wa Krismasi na gari linagoma. Pima kwanza, iliyojaa inasoma kama 12.6. Watu wameuza magari kwa bei ya kutupa kwa ajili ya betri hii.

Haya, kambi ya pili niwape chao, kwa shingo upande. Prius ya kizazi cha tatu, injini ya 2ZR, ina ugonjwa wa kweli: njia inayorudisha moshi kwenye injini inaziba masizi, joto linapanda, na gasketi ya silinda hedi inaachia. Dalili yake: asubuhi ikiwaka inatetemeka kama ina malaria, kisha inatulia, huku maji yakipungua na chini hakuna tone. Njia hiyo isafishwe kabla gari halijazidi kilomita 100,000 hivi. Na kama unaishi Kibosho juu, Aqua siyo gari lako. Betri yake haifiki hata kilowati-saa 1. Mlima unaimaliza mapema, na injini ya 1.5 inabaki peke yake. Kushuka Marangu nako betri inajaa upesi, kwa hiyo weka gia kwenye B, injini isaidie kulizuia gari, usiishi kwenye breki.

Lakini "nunua Hilux ulale"? Ulale na nini? Ile ya zamani ya injini ya 5L, yenye pampu ya kizamani, sawa, ilivumilia karibu kila uchafu. Hizi za D-4D, dizeli za Toyota za kisasa, zinapuliza dizeli kwa presha ya baa 1,600 na kuendelea, na tone la maji linatosha kuharibu nozo. Kwenye 1KD, mojawapo ya injini hizo, wosha za shaba chini ya nozo zikivuja, moshi unashuka kwenye oili, oili inakuwa lami, chujio la sampu, bakuli la oili chini ya injini, linaziba, na injini inakauka. Hii Hilux mpya ya mfumo wa volti 48 wanayoibandika jina la haibridi ina mota ya kilowati 12 ambayo haiwezi kulisogeza gari peke yake. Hongera kwa nembo.

Mwenye pikapu na afanye hili kabla ya kucheka Aqua ya jirani. Legeza koki iliyo chini ya chujio la dizeli, kinga kidogo kwenye chupa safi ya plastiki, iache itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona mstari katikati, usiwashe gari. Chukua chupa na risiti, panda boda, rudi kituo ulichojazia.