Huyo Zuwena ni Nani?

Mchango nilishatoa, hilo lieleweke kwanza. Kadi ya dabo, shilingi 100,000. Nimeilipa kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho nililituma kwa simu saa tano usiku pamoja na ya kutolea, maana mweka hazina wa kamati yetu usipoweka ya kutolea anakuandika mdaiwa sugu. Kwa hiyo nilijua mimi na sendofu ya binti wa kaka tumemalizana, kilichobaki ni pilau.

Kumbe kuna karatasi.

Kaileta katibu wa kamati, binti mmoja wa kucha ndefu anayeniita baba mdogo huku anatafuna bablishi. "Baba mdogo, jaza hapa. Upande huu jina la wimbo unaoupenda kuliko zote. Upande huu una maana gani kwako. MC anasoma, wimbo unapigwa, wewe na mama mdogo mnaingia mnacheza na zawadi."

Nikamwambia mwanangu, zawadi yenyewe blenda. Blenda haina haja ya maelezo. Akanijibu kuwa siku hizi ndiyo inavyonoga, na kwamba nirudishe kabla ya Ijumaa. Nikaona bora hata wangeniongezea mchango.

Maana nina miaka 56 na hakuna kiumbe aliyewahi kuniuliza napenda wimbo gani. Dar es Salaam hii wimbo huuchagui, unachaguliwa. Asubuhi kwenye daladala ya Tandika–Kariakoo konda ameshakuchagulia, na spika kaiweka chini ya siti yangu mimi, kila besi ikipiga nasikia figo zinabadilishana nafasi. Dukani anachagua kijana wa stoo. Jioni ukishuka kituoni unapokelewa na yule muuza dawa na kipaza sauti chake kilichorekodiwa, kinaimba dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, kinarudi mwanzo. Ningetaka kuwa mkweli kwenye ile karatasi, huo ndio wimbo pekee ninaoujua wote, beti kwa beti, mpaka pale anapokohoa katikati ya kunguni na viroboto.

Usiku ni zamu ya kijana wa chumba cha uani. Ana sabufa kubwa kuliko kitanda chake, na kazi yake ni singeli. Sina ugomvi na singeli, ni mali yetu, imezaliwa hapahapa uswahilini, kina Manzese na Tandale huko. Lakini zile mbio kwa mtu wa umri wangu! Umekaa kwenye kochi lako, umevaa msuli wako, unahisi kama unafukuzwa na mgambo. Vikombe vinatembea kabatini vyenyewe. Nimemwendea mara tatu. Kila mara ananiambia, "Shikamoo mzee, napunguza," na anapunguza kweli, mpaka nifike mlangoni kwangu.

Basi nikakaa na kalamu. Na nikishakaa na kalamu ndipo nikagundua kumbe nyimbo ninazo. Ninazo nyingi tu, zimelala huko ndani kama nguo za msimu.

Wa kwanza kunijia ulikuwa "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe. Marehemu baba alikuwa na redio ya mbao, ya betri nne, na betri zikichoka tulikuwa tunazianika juu ya bati zipate nguvu ya kumalizia wiki. Stesheni ni Radio Tanzania tu. Wimbo usipokufurahisha hubadilishi, unausubiri upite kama mvua, na ukirudi mara kumi unajikuta unaupenda. Januari 1979 ilitangazwa kwamba Mbaraka kafa kwa ajali ya gari Mombasa. Nilikuwa mtoto. Baba akazima redio. Mimi nikadhani betri zimeisha, nikaja mbio kuzitoa nikazianike. Akanishika mkono, akasema, "Ziache." Hakusema lingine mpaka usiku.

Hiyo ndiyo maana yake kwangu, lakini nitaiandikaje kwenye kamstari kafupi namna ile? Nikaandika jina tu, "Shida."

Mama watoto alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Binti anakwenda kuanza maisha," akasema, "wewe unamwingilia ukumbini na Shida?"

Nikafuta. Nikaandika "Kifo" wa Remmy Ongala.

Sasa msinicheke. Remmy yule Mkongo tulimpenda mpaka akawa wetu, mpaka kituo cha daladala Sinza kikaitwa Kwa Remmy, na yeye kafariki 2010 lakini konda hata kama hajawahi kumsikia anamtaja mara mia kwa siku. Ningeandika nini cha maana zaidi? Mama watoto hakusema kitu. Aliniangalia tu, nikafuta mwenyewe.

Nikabaki kwa Remmy huyohuyo, nikaandika "Mambo kwa Soksi." Kwa bahati mbaya dada yangu alikuwa kapitia kusalimia, na dada ndiye mwenyekiti wa kamati. Akaipenda! Akasema soksi ni wazo zuri, tungefunga za bwana harusi pamoja na blenda. Ikabidi nimweleze taratibu kwamba soksi ile haivaliwi mguuni, kwamba Remmy alikuwa anahimiza kondomu wakati ukimwi unatumaliza. Dada akanyanyua mkoba wake. "Mbele ya wakwe," akasema. "Mbele ya wakwe, kaka." Mpaka anafika barabarani alikuwa bado anatikisa kichwa.

Mama watoto yeye karatasi yake na kina mama wenzake aliimaliza kwa dakika moja. Kaandika taarabu ya Khadija Kopa, upande wa maana kaandika, "Wahusika wanajijua." Mhusika mimi namjua, ndiyo katoka kutikisa kichwa barabarani, ila sijaulizwa.

Basi nikaamua niende ninakotoka, Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park. Hapo ndipo damu yangu ilipo, na nikifa nisafishwe kwa magitaa yale. Nikaandika "Nalala kwa Taabu."

"Kwani godoro lina nini?" akauliza mama watoto.

Jamani! Mtu umelipa godoro inchi nane, mkopo ukaisha mwaka jana, unaulizwa lina nini! Nikamwambia ni wimbo. Akasema wimbo ameuona, anauliza godoro. Sikinde wana wa talaka pia, huo hata mimi niliuruka kwa aibu. Lakini hebu niwaulize wenye umri wangu: sisi tulikuwa tunacheza nini? Shida, kifo, taabu, talaka, na Jumamosi tunapiga pasi suruali tunakwenda kuzishangilia, tunarudi asubuhi tunacheka.

Kaka naye akapata habari. Sijui nani alimwambia (namjua). Akapiga simu. "Sikinde kwenye shughuli ya binti yangu? Mpaka niwe nimekufa."

Kaka ni mtu wa Msondo, bendi pinzani. Msiojua, hii kitu ni Simba na Yanga yenye magitaa. Msondo ndiyo kongwe, ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuwa Juwata. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka wakaondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park, na hapo ndipo nyumba za watu zilipogawanyika. Kumbe Gurumo mwenyewe hakuwa na shida na mtu: alihama tena baadaye, mwishowe akarudi zake Msondo, akastaafu, akafariki 2014. Aliyehama alirudi. Mimi na kaka tulionunua viingilio vya mlangoni ndio hatujapatana mpaka leo.

Halafu kuna suala la muda. Katibu kasema kila kundi dakika mbili. Dakika mbili! Wimbo wa Sikinde dakika mbili magitaa bado yanabisha hodi. Mwimbaji hajakaa sawa, tarumbeta ndiyo zinasafisha koo, na chemko lenyewe liko huko mbele, ukishaanza kutafuta leso. Tungefika mezani, tukaweka blenda, tukapiga picha, tukarudi kukaa, na hakuna aliyetamka neno.

Nikatafuta wimbo usio na matatizo. Usiwe na maradhi, usiwe na umaskini, uwe na mapenzi, uwe na jina zuri. Nikaupata. "Zuwena" wa Marijani Rajabu, Jabali la Muziki. Nikaandika kwa herufi kubwa. Kijana wangu wa mwisho akachungulia, akafurahi kweli: "Kumbe baba unamsikiliza Diamond!" Nikamwambia Zuwena huyu alikuwepo kabla Diamond hajazaliwa. Akasema basi atakuwa bibi sasa hivi. Akaondoka kabla sijapata kandambili.

Mama watoto akavuta kiti. Akakaa. Mwanamke akivuta kiti, wanaume mnajua.

"Huyo Zuwena ni nani?"

"Wa Marijani."

"Mbona upande wa maana hujajaza?"

Hapo ndipo nilipoelewa ile karatasi ni mtego. Jina la wimbo halina kesi. Kesi iko kwenye ule upande wa pili. Na ukweli wa Mungu maana yake ni hii: nilikuwa na miaka 19, nimepanga chumba Keko, nina kaseti moja tu, na redio yangu ilikuwa inakula kaseti. Upande A ilishautafuna, naurudisha kwa kalamu ya Bic unatafunwa tena. Upande B ukasalimika, na Zuwena alikuwa upande B. Ndiyo hivyo tu. Nilimpenda kwa sababu alikuwa hajaliwa.

Nikamweleza yote hayo. Akasikiliza. Akasema, "Ulikuwa unaimbiwa na nani huko Keko?"

"Na redio!"

"Wewe na redio, peke yenu, miaka 19."

Nikapanda. Mtu mzima nikasimama nikasema kwa sauti, "Mimi sijawahi kumjua Zuwena yeyote maisha yangu yote! Labda Zaituni!"

Sijui Zaituni alitokea wapi. Nilikuwa sijamkumbuka tangu enzi za kaseti. Alikuwa anauza vitumbua pale kona, na alikuwa akinikopesha, na mimi nilikuwa nakula vitumbua vingi kuliko njaa yangu, lakini hayo ndiyo maelezo ya kumpa mtu aliyevuta kiti?

"Zaituni!" akasema mama watoto, na sauti ikaenda juu. Ya kwangu nayo ikaenda juu. Akauliza mwaka, nikasema mwaka. Akauliza vitumbua vingapi. Akaniuliza kama ndiyo maana kila anapokaanga vitumbua mimi nakaa kimya. Nikamwambia nakaa kimya kwa sababu ninatafuna! Tukaenda hivyo robo saa nzima, yeye kashika mwiko, mimi kalamu, mpaka tukachoka kwa pamoja tukavuta pumzi.

Ndipo nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye ile nyumba. Kimya.

Singeli hakuna. Vikombe vimetulia kabatini. Sabufa ya uani zii. Na mama wa chumba cha mbele, ambaye tamthilia yake ya Kituruki haizimwi hata akienda msalani, naye kazima. Nikasikia mtu akihamisha ndoo polepole kusogea ukutani.

Kuna wimbo wa Sikinde unaitwa "Majirani Huzima Redio." Mke na mume wanagombana, majirani wanazima redio zao wasikie vizuri. Nimeucheza huo wimbo tangu ujana, nimeuimba harusini na msibani, na siku zote nilijua ni utunzi tu.

Mama watoto naye akasikia ule ukimya. Akaniangalia. Akashusha mwiko. Mdomo ukaanza kumcheza, nami nikaona unamcheza, tukacheka tukiwa tumejiziba kwa mito kama watoto wa shule. Mara tatu nimekwenda kumbembeleza yule kijana apunguze, mpaka na mjumbe nilishamfikiria, kumbe dawa yake ni Zaituni.

Nikajaza karatasi. "Majirani Huzima Redio." Upande wa maana nikaandika, "Waulizwe majirani." Kaka atanuna, anune. MC akikata dakika mbili, akate.

Sasa tumeshajua. Ikifika saa nne usiku, vikombe vikianza kutembea, mama watoto anasogea dirisha la uani, anauliza kwa sauti ya kusikika, "Na huyo Zaituni mara ya mwisho mlionana lini?" Singeli inazimwa hapohapo. Mimi najibu jibu refu, wanasikiliza, wanalala, tunalala.

Ila jana aliniuliza saa saba mchana. Yule kijana alikuwa kazini, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.