Usiudharau Mwaka 2029

Wanaofuatilia kupatwa kwa Jua wana tarehe moja vichwani: 2 Agosti 2027, siku ambayo Jua litazibwa lote karibu na Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita. Watajie mwaka 2029 uone watakavyokunja uso. Mwaka huo Jua litapatwa mara nne, tarehe 14 Januari, 12 Juni, 11 Julai na 5 Desemba, na mara zote ni sehemu tu. Hakuna mahali popote duniani mchana utakapogeuka giza.

Kwangu mimi, anayetaka kuelewa mambo haya yanavyokwenda hatapata mwaka mzuri kuliko huo.

Chukua tarehe hizo nne uziweke kando ya zile za 2011: 4 Januari, 1 Juni, 1 Julai, 25 Novemba. Mwaka huo pia Jua lilipatwa mara nne, zote kwa sehemu. Kila tarehe imesogea mbele siku 10 au 11 baada ya miaka 18. Huo ndio mzunguko wa Saros, ambao Wababeli waliugundua kwa kutunza kumbukumbu za kupatwa kwa Mwezi, na ambao Wagiriki wa kale waliuchonga kwenye ile mashine ya Antikythera, chombo cha kale cha kukokotoa mienendo ya angani chenye meno ya shaba.

Siri yake ni hesabu. Mwezi hupita upande wa Jua kila baada ya siku 29.5, lakini njia yake imeinama kwa takriban digrii 5, kwa hiyo mara nyingi kivuli chake hupita juu au chini ya Dunia. Kupatwa hutokea pale tu Mwezi unapokuwa karibu na mojawapo ya nodi mbili, yaani sehemu unapovuka usawa wa njia ya Dunia. Kutoka nodi moja hadi kuirudia ileile ni siku 27.2. Sasa zidisha: miandamo 223 ya Mwezi ni siku 6,585.32, na safari 242 za kurudi kwenye nodi ni siku 6,585.36. Zinapishana kwa muda usiofika saa moja. Baada ya muda huo Jua, Mwezi na nodi hukaa karibu vilevile vilivyokaa mwanzo, na kupatwa kunajirudia.

Ile desimali ya .32 ina kazi yake. Ni karibu saa nane, na katika saa hizo Dunia huwa imejizungusha theluthi moja zaidi. Ndiyo maana kupatwa kwa Januari 2011 kulionekana Ulaya na Afrika Kaskazini, lakini mwenzake wa 2029 ataonekana Amerika Kaskazini.

Na ule upungufu usiofika saa moja? Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa kuwa hesabu haifungi sawasawa, kila marudio kivuli husogea kidogo kuelekea kaskazini au kusini. Ukoo wa Saros, yaani mfululizo wa kupatwa kunakofuatana kila baada ya miaka 18, huzaliwa kwenye ncha moja ya Dunia kwa kumega Jua kidogo tu, hukua hadi kivuli chenyewe kiipitie Dunia katikati, kisha hufifia kwenye ncha ya pili. Safari hiyo huchukua karne kumi na mbili na zaidi. Kupatwa kwa sehemu, kule kunakodharauliwa, mara nyingi ni utoto au uzee wa ukoo.

Juni na Julai 2029 vitatuonyesha vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Mwezi mpevu wa 26 Juni utaangukia karibu kabisa na nodi, kwa hiyo Mwezi utapatwa wote. Wiki mbili kabla na wiki mbili baadaye, Mwezi unapopita upande wa Jua, utakuwa pembezoni mwa msimu wa kupatwa, yaani zile siku Jua linapokuwa karibu na nodi, na kivuli hafifu kitagusa ncha za Dunia tu. Kupatwa kwa 12 Juni, kaskazini ya mbali, ni kwa ukoo uliopewa namba 118, ulioanza mwaka 803 na utakaokwisha 2083. Kule kwa 11 Julai, kusini, ni kwa ukoo wa 156, ulioanza 2011 na utakaoendelea hadi 3237. Mkongwe anaaga kaskazini, mtoto anaingia kusini, na vyombo vya habari bila shaka vitaandika kuwa ni tukio "adimu" na kuishia hapo. Adimu gani, wakati kila mwaka Jua hupatwa angalau mara mbili?

Atakayekwenda kutazama avae miwani maalumu mwanzo hadi mwisho, maana katika kupatwa kwa sehemu hakuna hata sekunde moja ya kuivua. Miwani ya kawaida ya jua haifai.

Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningekwenda kusini mwa Chile au Argentina tarehe 11 Julai. Ni katikati ya majira ya baridi huko, Jua litakuwa chini, mawingu yanaweza kuharibu kila kitu, na hata anga ikiwa safi kitakachozibwa hakitafika robo ya kipenyo cha Jua. Lakini kupatwa kwa kwanza kwa ukoo huo, mwaka 2011, kuliangukia baharini karibu na Antaktika, mbali na macho ya watu. Safari hii ya pili inafika mahali panapokaliwa.