Inveta Ikilipuka, Tusiisingizie IR2110

Ukikaa kwenye kibanda cha fundi wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa AC) pale Mwembe Tayari, Mombasa, hutakosa kusikia ubishi huu: chipu gani isukume mageti ya mosfeti, yaani pini za kuwashia zile swichi za kielektroniki, IR2110 au optokapla (chipu inayopitisha amri kwa mwanga) kama TLP250?

Wanaopenda IR2110 wana hoja. Mosfeti hukaa mbili mbili, ya juu upande wa chanya na ya chini upande wa grondi. Geti la mosfeti ya juu lataka kama volti 12 zaidi ya sosi, pini yake ya kutolea umeme, na sosi yenyewe hupanda hadi volti 340 hivi ukinyoosha umeme wa AC wa volti 240 kuwa DC. IR2110 humaliza hilo kwa diodi na kapasita ndogo, inayojaa kila mosfeti ya chini inapowaka. Umeme mmoja mdogo unatosha kwa zote mbili. Chipu yenyewe yastahimili volti 500.

Juzi nilifungua inveta ya mteja wa Likoni. Mosfeti nne zimepasuka, IR2110 ina tundu mgongoni. Kutoka sosi za mosfeti za chini hadi grondi palipita waya wa shubiri nzima! Mosfeti ya juu ikizimwa ghafla, waya kama huo huivuta pini ya VS, ile ya chipu inayoshikana na sosi ya mosfeti ya juu, chini ya sifuri, chipu huchanganyikiwa, na ya juu na ya chini zaweza kuwaka pamoja. Shoti. Na kwa kuwa hakuna kinachotenga pande mbili, moto ulipita hadi kwenye bodi ya kidhibiti, chipu inayotoa amri.

Hapo ndipo wanaopenda TLP250 hucheka. Yao hupitisha amri kwa mwanga, kwa hiyo kidhibiti mara nyingi hupona. Lakini hawasemi kwamba kila mosfeti ya juu kwa kawaida hutaka umeme wake uliotengwa, wala kwamba TLP250 ya asili haina kinga ya volti kushuka. Umeme wa geti ukilegea, mosfeti huwaka nusunusu na kujichoma polepole. IR2110 ingezima. Ucheleweshaji wa hadi nusu mikrosekunde haunisumbui kwenye kilohezi 20, mradi uache muda wa kutosha kati ya kuzima mosfeti moja na kuwasha nyingine.

Kwa pampu au mashine ya kuchomelea, ambako waya mrefu haukwepeki, mimi huchukua optokapla yenye kinga ya volti kushuka, mfano HCPL-3120. Kwa inveta ya nyumbani sioni sababu ya kufanya hivyo. Ile ya Likoni niliirudishia IR2110, waya nikaukata hadi sentimita tatu.